Mvua Zinapoanza Uani Kwetu Dodoma

Sisi tuliokulia pwani tumezoea ardhi isiyokauka sana. Kwetu Tanga mvua huja mara mbili kwa mwaka, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na hata kati ya misimu hiyo mawingu ya baharini hudondosha manyunyu ya hapa na pale, kwa hiyo mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kujiuliza majani yanatoka wapi. Dodoma haikuruhusu kuishi hivyo. Huku kuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na kumalizika Aprili, na kwa mwaka wa kawaida mvua yote ikijumlishwa ni kati ya milimita 500 na 600. Miezi iliyobaki ni kiangazi kitupu, na kuanzia Agosti hadi Oktoba upepo hupita juu ya ardhi iliyokauka ukibeba vumbi jekundu mpaka ndani ya kabati la vyombo.

Nilikuja Dodoma kwa sababu ya kazi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huku ulifikiwa mwaka 1973, lakini watumishi wengi wa wizara tulihama katika miaka iliyofuata 2016. Katika mazungumzo ya wenzangu wa wakati ule Dodoma ilikuwa mji wa vumbi na ukame, mahali pa kufanyia kazi na kuondoka Ijumaa jioni kwa basi la Dar es Salaam. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo nyumba, bustani na viumbe wa uani vimenifundisha kwa kukaa, hasa katika majuma yale machache ambayo kiangazi huipisha mvua. Naamini ni vigumu kupata mahali pengine katika nchi yetu ambapo mwanzo wa mvua una furaha kubwa kuliko hapa, na sababu ninayoiona ni kwamba sehemu kubwa ya kinachojitokeza siku mvua inaponyesha kilikuwa tayari kimo ardhini, chini ya miguu yetu, kikingoja.

Dalili huanza kabla ya tone la kwanza. Mbuyu, ambao hukaa bila majani kwa sehemu kubwa ya kiangazi, huanza kuchipua wakati ardhi bado ni kavu kabisa, kwa kutumia maji uliyoyahifadhi katika shina lake. Katika miezi hiyohiyo hutoa maua meupe, makubwa kuliko kiganja cha mtoto, ambayo hufunguka jioni. Popo walao matunda huyajia usiku kunywa utamu wake na kusambaza chavua, na kesho yake maua huanza kunyauka na kuanguka. Watoto wangu huyaokota wakienda shule, nyuzi nyingi za katikati zikiwa bado na unga wa manjano unaobaki vidoleni. Kando ya barabara mikrismasi hujaa maua mekundu. Mbayuwayu nao huwa wamekwisha kufika, wakikaa kwa safu juu ya nyaya za umeme, na watakuwa nasi mpaka karibu na Aprili. Hao ni ndege walewale ambao watu wa Ulaya huwangoja kwa hamu kama dalili kwamba baridi imekwisha na majira ya machipuko yameanza. Hunipendeza sana kufikiri kwamba ndege yuleyule hupokewa kwa furaha mara mbili katika mwaka mmoja, kwetu anapotangulia mvua na kwao anaporudi na joto.

Kisha huanza dudumizi. Sauti yake hushuka polepole, kama maji yanayomiminwa kutoka katika chupa yenye shingo nyembamba, na anayeisikia alfajiri ya Novemba hujikuta akitazama juu. Jirani yetu, bibi wa Kigogo ambaye jamaa zake walikuwa wakilima sehemu hii kabla mji haujaifikia, humsikiliza dudumizi kwa makini kuliko redio. Mimi husikiliza vyote viwili. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa kila mwaka mwelekeo wa mvua za msimu, yaani zile za Novemba hadi Aprili kwa mikoa ya aina yetu, na mwelekeo huo hunieleza kama mvua zinatarajiwa kuwa juu au chini ya wastani, jambo ambalo ndege hawezi kulisema. Dudumizi, pamoja na joto zito la mchana na mawingu yanayojikusanya upande wa mashariki, hunieleza kama nipande ngazi leo kusafisha mifereji ya bati.

Mvua ya kwanza yenyewe mara nyingi ni fupi na ya vurugu. Upepo hutangulia na kufunga milango kwa kishindo, halafu huja matone makubwa yanayochimba vishimo katika vumbi, na pamoja nayo harufu ya udongo. Wataalamu wanaeleza kwamba harufu ile hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali iitwayo jiosmini, ambayo hutengenezwa na bakteria waishio udongoni, na kwamba pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno hewani. Tanga tuliisikia pia, lakini haikutusimamisha. Hapa niliwahi kumwona mwenye duka akiiacha sukari juu ya mizani, akatoka hadi barazani kuvuta pumzi, na wateja wake wakasimama pamoja naye bila hata mmoja kuidai chenji yake. Walikaa hivyo mpaka mvua ilipokatika, wakirushiana maneno machache kuhusu mashamba yao ya Chamwino na Bahi, nani amekwisha kupanda katika udongo mkavu na nani bado anasubiri.

Jioni inayofuata mvua ya namna hiyo, au siku ya pili yake, kumbikumbi hutoka. Katika kona ya ua wetu kuna nyufa nyembamba ambazo kiangazi kizima hazionekani. Siku hiyo mchwa askari hutokeza kwanza na kuzizunguka, vichwa vikielekea nje, na hapo ndipo wenye mabawa huanza kutoka, mmojammoja kwa kusitasita, kisha kwa wingi usioweza kufuatwa kwa macho. Huruka kwa muda mfupi tu. Wakishatua huyapukutisha mabawa yao, na anayechuchumaa na kutazama kwa karibu atawaona wakitembea wawiliwawili juu ya udongo uliolowa, jike mbele na dume nyuma yake akikaribia kumgusa, wakitafuta mahali pa kuchimba. Wachache sana watakaofaulu wataanzisha kichuguu kipya, ambamo jike yule atakuwa malkia na dume yule ataendelea kuishi naye chini ya ardhi. Wengine wote ni karamu ya kuku, mijusi, vyura, na watoto wa mtaa wanaoweka beseni la maji chini ya taa ya baraza. Nyumbani kwetu tunawakaanga bila mafuta, kwa chumvi kidogo, maana mafuta wanayo wenyewe, na huliwa wakiwa wa moto kabla sahani haijafika mezani.

Ndege nao huja kwa wingi. Miongoni mwa kwezi wanaokimbilia karamu hiyo yumo mmoja wa rangi ya kijivu na mkia mrefu, ambaye hana makao mengine duniani isipokuwa Tanzania. Hali kadhalika wale kasuku wadogo wa kijani wenye ukosi wa manjano, ambao watu wa mabara mengine huwafuga vizimbani, asili yao ni nyika za nchi hii, na huku kwetu hupita juu ya paa makundi kwa makundi wakipiga kelele. Niliposoma habari hizo nilimwita mwanangu wa kwanza dirishani nikamwonyesha, kwa sababu nadhani mtoto anayeishi Dodoma anastahili kufahamu kwamba wapo watu wanaosafiri kutoka mbali kuja kumtazama ndege ambaye yeye humwona akiwa anapiga mswaki.

Kona ile ya ua ndiyo iliyonifundisha mengi kuliko yote, na inatosha kueleza ilivyosalia. Tulipohamia, uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka udongo ukawa mgumu na laini, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, na fundi alikuwa amekwisha kufunga kamba za kupimia pevingi kutoka ukuta hadi ukuta. Bibi jirani alipokuja kutukaribisha alisimama getini, akasema “Mbukwenyi,” tukaitikia, kisha akazitazama zile kamba kwa muda.

“Mwanangu,” akaniambia, “ile kona msiifunike. Pale tulikuwa tukichuma mboga.”

“Bibi, mbona hapana hata jani?”

“Jani liko chini. Ngojeni mvua.”

Kwa heshima ya umri wake tulimwomba fundi aache kipande chenye ukubwa wa chumba kimoja. Mvua zilipokolea, mgagani ulichomoza ndani ya juma moja, ukafuatwa na mlenda, mchicha wa porini, na majani mengine ambayo bibi alinitajia majina yake ya Kigogo huku akiyagusa moja baada ya jingine. Hakuna aliyepanda chochote. Mbegu zilikuwa zimelala katika udongo ule uliokanyagwa na kufagiliwa, zikiwa hai, na hazikudai kitu zaidi ya maji na kuachwa. Tangu hapo siwezi kuutazama uwanja mkavu wa Septemba na kuuita mtupu.

Pamoja na mboga huja viumbe wengine ambao uwanja wa saruji hauwezi kuwapa nafasi. Mara baada ya mvua kubwa za mwanzo hutokea wadudu wadogo wekundu mno, wenye manyoya laini ya mahameli, wakitambaa juu ya udongo asubuhi. Ukimweka mmoja kiganjani utahesabu miguu minane, kwa kuwa ni wa jamii moja na buibui na kupe, ingawa hawa hawamdhuru mtu. Wao huwinda mchwa na wadudu wengine wadogo. Huonekana kwa siku chache, kisha hujificha ardhini. Majongoo meusi, marefu kama rula ya shule, hutoka pia na kula majani yaliyooza. Watoto wamezoea kuwapisha, na mdogo wao huwa anasimama kabisa mpaka jongoo amalize kuvuka njia.

Naifahamu hoja ya wanaofagia uwanja mpaka ubaki mtupu, na ni hoja nzito. Katika uwanja uliofagiliwa utamwona moma kabla hujamkanyaga, na moma ni nyoka asiyekimbia anaposikia hatua za mtu, bali hulala palepale akitegemea rangi yake imfiche. Kwa hiyo kipande chetu kiko mbali na mlango na mbali na njia ya chooni, hatukirundikii mbao wala mawe, nyasi za pembeni hukatwa fupi, na usiku hakuna anayetoka bila viatu na tochi. Kuhusu mbu, tatizo ni maji yaliyotuama zaidi ya majani, ndiyo maana msimu unapoanza tunazunguka ua mzima tukimwaga maji ya mikebe, vifuniko na sahani za maua, na mdomo wa tangi tumeufunga kwa wavu mwembamba. Kwa uangalifu huo mdogo tumeishi salama na kona yetu, na sioni sababu ya kuifunika nyumba nzima kwa saruji kwa kuogopa vitu vinavyoweza kuzuiwa kwa fyekeo na wavu.

Iko pia sababu nyingine inayonifanya niisemee ardhi iliyo wazi. Maji ya bomba ya mji huu kwa muda mrefu yametegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya visima vya bonde hilo, ulionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hujazwa hasa katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, mara nyingi ile inayoambatana na El Niño, na kwamba katikati ya misimu hiyo kina cha maji huendelea kushuka. Tangu nilipoelewa hilo nimeacha kunung'unika mvua inapozidi na kuifanya barabara yetu iwe tope. Kipande cha ua wa familia moja hakiwezi kujaza kisima cha mji, lakini maji yanayoangukia pale yanazama palepale, ilhali yanayoangukia pevingi hukimbilia barabarani na kubomoa kingo za mtaro wa jirani.

Nyuma ya ukuta wetu umesalia mgunga mmoja mkubwa, na humo huishi minana. Kiangazi madume yao huwezi kuyatofautisha na majike, wote wakiwa na rangi hafifu ya majani makavu. Mvua zinapokaribia madume hugeuka manjano ya kukoza, nyuso zao zikawa nyeusi, na mti mzima huanza kupiga kelele kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Nimekaa mara nyingi chini ya mti huo na kikombe cha chai, na sijaona mahali pengine kazi ya mikono inayofanywa bila mikono kwa ustadi wa namna ile. Dume hutua juu ya jani la hindi katika bustani yetu, huuma ukingo wake karibu na shina, kisha huruka akiwa amelishika, na uzito wa kuruka kwake huchana ukanda mwembamba, mrefu kuliko yeye. Ukanda huo huufunga kwenye ncha ya tawi, tena tawi la chini na jembamba, ambalo nyoka hulifikia kwa shida. Huongeza wa pili na wa tatu mpaka apate pete, husimama ndani ya pete hiyo, na kuanzia hapo husuka kuelekea mbele na nyuma bila kuondoka katikati, akipenyeza mdomo upande mmoja na kuuvuta ukanda upande mwingine.

Kiota kikikamilika yeye hujining'iniza chini yake, miguu juu, akipigapiga mabawa kila jike anapopita. Jike huingia, hukagua, huvuta nyuzi za ndani kuzijaribu, na mara nyingi huondoka. Majike hupendelea kiota kilicho kibichi bado. Kikikauka na kugeuka kahawia bila kupata mwenyeji, dume mwenyewe hukifumua, hukiangusha chini, na kuanza kingine palepale. Binti yangu aliuliza kwa nini hahamii tawi jingine. Tulikaa tukitazama mpaka tukaona kwamba matawi yote mazuri ya ncha yalikuwa yameshikwa na wengine, na kwamba yeye alikuwa akilinda nafasi kama anavyolinda mtu mwenye kiwanja kizuri. Mahindi yetu ya ukingoni hubaki na majani yaliyochanika, na tumekubali iwe hivyo, kwa kuwa mahindi yale tulipanda ya kuchoma tu na yanatutosha. Sisemi haya mbele ya mkulima wa mtama na uwele, ambaye adui yake ni ndege mwingine, kwelea kwelea, anayeshuka kwa makundi makubwa mno na kumaliza mavuno ya familia. Watoto wanaoshinda mashambani wakipiga madebe kuwafukuza wana haki ya kuwaona ndege wote kwa jicho tofauti na langu.

Usiku ni zamu ya vyura. Walijifukia ardhini miezi yote ya ukame, na mvua kubwa ikinyesha hutoka na kupiga kelele kando ya kila dimbwi, wakubwa kwa sauti nzito na wadogo kwa sauti ya kengele. Juu ya dimbwi linalotuama katika kiwanja kisichojengwa karibu nasi, tuliona matonge ya povu jeupe yakining'inia kwenye tawi la kichaka. Ni kazi ya aina ya vyura wanaoishi mitini: hutaga mayai ndani ya povu hilo, ambalo hukauka juu likabaki na unyevu ndani, na viluwiluwi wakiwa tayari hudondoka majini. Watoto walilitazama povu lile kila walipotoka shule, wakilala kwa zamu kifudifudi kwenye ukingo wa dimbwi, na siku viluwiluwi walipodondoka walikimbia nyumbani na sare zilizojaa tope. Sikugombeza. Katika siku hizohizo korongo weusi wenye matumbo meupe hupita juu kwa makundi. Wao huzaliana katika nchi zilizo kusini mwa Sahara, kuanzia Senegali hadi Ethiopia, kisha hufuata mvua kuja kwetu kula nzige na viwavi. Anayetaka kuona ndege wa maji kwa wingi zaidi aende bwawa la Hombolo, au Bahi, ambako mto Bubu hueneza maji yake juu ya mbuga.

Bustani yenyewe tunailima kwa namna niliyoipata kwa wakulima wa mkoa huu. Katika kijiji cha Chololo, si mbali na mjini, walianza kuchimba mashimo madogo yenye upana wa sentimita 20 hivi na kina cha sentimita 30 hivi, wakaweka ndani samadi, majivu na mabaki ya mazao, na kupanda mbegu chache katika kila shimo. Mvua ikinyesha kidogo, kila shimo hushika maji yake badala ya kuyaacha yatiririke. Njia hiyo inafaa sana uani, kwani mtu anaweza kuchimba mashimo machache kila jioni ya Oktoba, jua likishapoa, na kuyajaza mbolea kabla ya mvua. Humo hupandwa maboga, kunde na bamia, na siku mvua inaponyesha kila kitu huwa mahali pake. Maji ya paa nayo hayapotei. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20 tu kwa mchana mmoja, laweza kutoa hadi lita 2,000. Mvua ya mwanzo kabisa tunaiacha ioshe vumbi na vinyesi vya ndege, halafu tunaelekeza bomba kwenye tangi. Maji hayo ndiyo yanayoifikisha bustani salama pale mvua inapokatika katikati ya msimu, mara nyingi Januari au Februari, wakati mkulima wa Dodoma hutazama mbingu kwa wasiwasi kuliko wakati wowote.

Furaha ya mwisho ni ya mezani. Mlenda mbichi wa kona yetu, majani machanga yaliyochumwa asubuhi yakiwa na umande, huchemshwa kwa maji kidogo na magadi, huongezwa nyanya na karanga zilizosagwa, na huliwa kwa ugali wa uwele uliosongwa ukakaza. Bibi jirani alinifundisha kutoyachuma yote: huchuma ncha tu, akiuacha mche utoe matawi, na kila baada ya siku chache hurudi palepale. Alinifundisha pia kuyaanika yaliyozidi kivulini, kuyatwanga, na kuyahifadhi kwenye mkebe mkavu kwa ajili ya kiangazi, kwa sababu huku mboga huliwa kwa kufikiria Oktoba. Wagogo bado wanaikumbuka Mtunya, njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyofuata vita na ukame, na bibi aliisikia kutoka kwa bibi yake. Alipokuwa akinisimulia, mikono yake haikuacha kuchambua majani, na yaliyoanguka sakafuni aliyaokota moja moja akayarudisha ndani ya ungo. Baada ya kusikia hayo nilielewa kwa nini alizitazama kamba za fundi kwa muda mrefu namna ile.

Mwezi wa Aprili mvua zinapopungua tunaacha kuchuma. Mgagani hutoa maganda membamba, mlenda hukauka ukiwa umesimama, na wageni huuliza kwa nini hatuisafishi kona ile ambayo sasa inaonekana kama shamba lililotelekezwa. Hatuing'oi miche mpaka maganda yapasuke na mbegu zianguke. Majirani kadhaa wameniomba mbegu wapande kwao, nami nimewapa, lakini kila ninapowapa nawaomba kwanza watafute pembe moja ya ua wao isiyo na pevingi, waiache bila kufagia kwa msimu mmoja, waone wao wenyewe kilichomo.